“Mvua za wastani”, “bei ya wastani”: Tunaambiwa nini hasa?

Kabla ya kila msimu wa mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wake, nasi watangazaji huusoma hewani. Ndani ya taarifa hiyo kuna neno moja linalojirudia kuliko mengine: wastani. Mkoa huu utapata mvua za wastani. Mkoa ule, wastani hadi chini ya wastani. Mwingine, wastani hadi juu ya wastani.

Miezi michache baadaye, mazao yakifika sokoni, neno hilohilo hurudi: bei ya wastani ya ufuta, bei ya wastani ya mbaazi, bei ya wastani ya debe la mahindi.

Wengi wetu tukilisikia tunalichukua kwa maana ya “kawaida”, au “si haba”, au “itatosha”. Maana hizo tatu si kitu kimoja. Mkulima anayeamua leo apande mbegu gani, ekari ngapi, na auze lini, anaweza kupoteza magunia kadhaa kwa kuzichanganya.

Katika makala haya tunaeleza wastani unapatikanaje, unasema nini, unaficha nini, na ni hesabu gani nyingine za kuuliza. Hesabu zote zilizomo humu zinaweza kufanywa kwa kikokotoo cha simu, hata simu ya kitochi.

Wastani hupatikanaje

Wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Chukua majirani watatu, kila mmoja na ekari moja ya mahindi. Wa kwanza amevuna magunia 8, wa pili 5, wa tatu 11. Jumla ni magunia 24. Gawanya kwa watu 3, unapata 8. Huo ndio wastani: magunia 8 kwa ekari.

Ni kama kumwaga mavuno yote kwenye turubai moja, kisha kuyagawa upya sawa kwa sawa. Lakini mgawo huo unafanyika kwenye karatasi tu. Aliyevuna magunia 5 bado ana magunia 5 ya kulisha nyumba yake mwaka mzima.

Sensa ya mwaka 2022 inatupa mfano mwingine. Ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima, na ikaonyesha kuwa kaya moja ina wastani wa watu 4.3. Hakuna nyumba yenye watu wanne na sehemu tatu za kumi za mtu. Hata hivyo namba hiyo ina kazi yake. Afisa anayepanga huduma za kijiji chenye kaya 200 anaweza kuzidisha 200 kwa 4.3 akapata makisio ya watu 860, na kama kijiji hicho kinafanana na nchi kwa ujumla, hatakosea sana.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa tunalotaka kulieleza. Wastani humfaa zaidi anayebeba jumla: serikali inayopanga akiba ya chakula ya nchi, mnunuzi anayekusanya tani elfu moja, mwenye ghala. Kwake yeye, nyumba ya watu wawili na nyumba ya watu tisa hufidiana. Lakini mkulima habebi jumla ya miaka 30 wala jumla ya wilaya. Anabeba msimu mmoja na shamba lake. Kwake yeye wastani peke yake hautoshi. Anahitaji kujua namba zimetawanyika vipi kuuzunguka wastani huo.

TMA wanaposema “wastani” wanamaanisha nini

Kwanza, wanalinganisha na nini? Wanalinganisha na wastani wa muda mrefu wa eneo lenyewe. Utaratibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kutumia rekodi za miaka 30, na kipindi kinachotumika sasa kimataifa ni mwaka 1991 hadi 2020. Kwa hiyo “mvua za wastani” Dodoma na “mvua za wastani” Bukoba ni vitu viwili tofauti kabisa. Dodoma hupata chini ya milimita 600 kwa mwaka. Bukoba hupata zaidi ya milimita 1,800. Ndugu yako aliye Kagera akikupigia simu kwamba wao wametabiriwa mvua za wastani kama ninyi, msidhani mtalowa sawa.

Pili, “wastani” wa TMA si namba moja. Ni eneo pana. Mvua inayoanzia asilimia 75 hadi asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu huitwa ya wastani. Ikiwa chini ya asilimia 75, huitwa chini ya wastani. Ikizidi asilimia 125, ni juu ya wastani.

Tuliweke hilo kwenye milimita. Tuseme wastani wa muda mrefu wa msimu mzima katika eneo lako ni milimita 600. Asilimia 75 yake ni 600 mara 75 gawanya kwa 100, yaani 450. Asilimia 125 ni 750. Basi ukisikia “mvua za wastani”, umeambiwa kwamba mvua inatarajiwa kuwa mahali fulani kati ya milimita 450 na 750.

Sasa weka mahindi hapo katikati. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) linaeleza kwamba mahindi ya muda wa kati yanahitaji takribani milimita 500 hadi 800 za maji tangu kupandwa hadi kukomaa, kutegemea hali ya hewa. Msimu wa milimita 450 utakuwa wa “wastani” kwa mujibu wa utabiri, na utabiri utakuwa umetimia, lakini mahindi hayo yatakuwa yamepungukiwa.

Utabiri haujasema uongo, ila haukuahidi kwamba mvua itatosha zao lako. Kutosha ni swali la zao, la mbegu na la udongo, na jibu lake ni lazima litafutwe kando, kwa msaada wa afisa ugani.

Kwa wasioizoea milimita: milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji kwa kila mita 1 ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba zipatazo 4,047. Hivyo milimita 1 tu ikinyesha kwenye ekari moja ni kama lita 4,000, au mapipa 20 ya lita 200. Kupungukiwa na milimita 50 ni kupungukiwa na mapipa 1,000 kwa kila ekari.

Mwaka mmoja wa mafuriko unavyovuta wastani

Chukua eneo linalopata mvua za msimu, zile zinazoanza Novemba hadi Aprili, kama ilivyo mikoa ya kati na kusini. Namba zifuatazo ni za mfano. Tumezipanga wenyewe ili hesabu iwe rahisi kuifuata. Ni milimita za mvua kwa misimu 10 mfululizo:

420, 510, 480, 1,150, 460, 530, 390, 610, 550, 500.

Jumlisha zote, unapata 5,600. Gawanya kwa 10. Wastani ni milimita 560.

Sasa rudi kwenye orodha uhesabu ni misimu mingapi ilifikia hiyo 560. Ni miwili tu: ule wa 610 na ule wa 1,150. Misimu minane kati ya kumi ilikuwa chini ya wastani huo. Mtu akikwambia “eneo hili hupata wastani wa milimita 560”, amesema kweli, lakini ukipanga kilimo chako ukitegemea 560 kila mwaka, utakuwa umekosa mara nane kati ya kumi.

Kilichofanya hivyo ni msimu mmoja wa milimita 1,150. Uondoe. Zinabaki namba tisa, jumla 4,450, na wastani unashuka hadi takribani 494. Msimu mmoja umeuvuta wastani wa miaka kumi juu kwa milimita 66.

Misimu ya namna hiyo ipo kweli. Msimu wa 1997/98 El Niño ilileta mvua kubwa na mafuriko katika sehemu nyingi za Tanzania na Afrika Mashariki. Mwaka 2023 TMA ilitabiri vuli ya juu ya wastani kutokana na El Niño, na mvua kubwa zilinyesha. Mvua za aina hiyo huingia kwenye rekodi na kuupandisha wastani, ingawa mkulima aliyezishuhudia anajua kwamba maji mengi kiasi hicho hayamwongezei gunia. Yanamwondolea. Maji ya ziada ya mwaka wa mafuriko hayawezi kuhifadhiwa shambani yakasubiri mwaka wa ukame.

Namba ya katikati

Kuna kipimo kingine kisichoyumbishwa na mwaka mmoja wa ajabu. Wataalamu hukiita mediani. Sisi tutakiita namba ya katikati, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Panga misimu ile kumi kuanzia mdogo hadi mkubwa:

390, 420, 460, 480, 500, 510, 530, 550, 610, 1,150.

Sasa tafuta iliyo katikati. Kama namba zingekuwa tisa, ungechukua ya tano. Kwa kuwa ni kumi, katikati ziko mbili, ya tano na ya sita: 500 na 510. Zijumlishe, gawanya kwa 2. Namba ya katikati ni 505.

Maana yake ni hii: nusu ya misimu ilipata chini ya 505 na nusu ilipata zaidi. Hata ule msimu wa 1,150 ungekuwa 2,000, namba ya katikati isingesogea hata kidogo. Ndiyo maana, wastani ukipishana mbali na namba ya katikati, ujue kuna namba moja au chache zilizo mbali sana na wenzake zinazouvuta. Hapa wastani ni 560, namba ya katikati ni 505. Pengo la 55 linakuonya uangalie orodha yenyewe.

Ukishapanga namba kwa mfuatano, mambo mengine mawili yanaonekana bila hesabu kubwa.

La kwanza ni pengo kati ya ndogo na kubwa: 1,150 toa 390, ni 760. Mahali penye pengo kubwa namna hii, hupangi kwa namba moja.

La pili ni kuhesabu mara ngapi. Tuseme mbegu yako inahitaji milimita 500. Kati ya misimu 10, mingapi haikufika hapo? Ni minne: 390, 420, 460 na 480. Miaka minne kati ya kumi. Kwa mkulima, hiyo huenda ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote. Haikuelezi mwaka huu utakuwaje. Inakueleza ni mara ngapi jambo hilo limetokea, ili ujue unaweka rehani kiasi gani ukipanda ekari zote tatu kwa mbegu moja ya muda mrefu.

Na tazama jambo hili. Kwa wastani wa 560, eneo la “wastani” kwa kipimo cha TMA ni kuanzia 420 hadi 700. Misimu minane kati ya kumi ingeitwa ya wastani. Kati ya hiyo minane, mitatu haikufika 500. Neno moja limeifunika misimu yote minane, iliyojaza ghala na iliyoliacha nusu tupu.

Mwenye ekari tatu na historia kama hii anaweza kugawa: ekari moja na nusu mahindi, nyingine mtama au mahindi yanayokomaa mapema. Si lazima iwe hivyo kwa kila mtu. Lakini anayejua kwamba ni minne kati ya kumi anaamua tofauti na anayejua tu kwamba “wastani ni 560”.

Jumla moja, misimu miwili tofauti

Hata tukikubaliana kuhusu jumla ya msimu, bado kuna swali la mgawanyo. Linganisha misimu miwili ya mfano, kila mmoja na milimita 500 kuanzia Desemba hadi Aprili.

Msimu wa kwanza: Desemba 100, Januari 130, Februari 110, Machi 100, Aprili 60.

Msimu wa pili: Desemba 280, Januari 20, Februari 15, Machi 150, Aprili 35.

Jumla ya kila mmoja ni 500. Wastani wa kila mmoja ni milimita 100 kwa mwezi. Kwenye taarifa inayotoa jumla na wastani peke yake, misimu hii ni pacha. Kwa mkulima aliyepanda Desemba, wa pili ni msiba: mahindi yake yanachanua kati ya Januari na Februari, wakati ambao zao hilo huumizwa na kiu kuliko wakati mwingine wowote, na mvua ya Machi inakuta mabua yameshakauka.

Tofauti hiyo tunaweza kuipima. Chukua kila mwezi, angalia uko mbali kiasi gani na wastani wa 100, bila kujali uko juu au chini. Msimu wa kwanza: 0, 30, 10, 0, 40. Jumla 80, gawanya kwa miezi 5, ni 16. Msimu wa pili: 180, 80, 85, 50, 65. Jumla 460, gawanya kwa 5, ni 92.

Kwa hiyo katika msimu wa kwanza mwezi mmoja, kwa wastani, uko mbali na 100 kwa milimita 16 tu, lakini katika msimu wa pili, kwa wastani, uko mbali kwa milimita 92. Wataalamu wana kipimo chao kinachofanya kazi inayofanana na hii, mkengeuko sanifu, chenye hesabu ndefu kidogo. Wazo ni lilelile: namba zinakaa karibukaribu au zimetawanyika?

Kwa sababu hii, usiishie kusikiliza neno “wastani” utabiri unaposomwa. Taarifa ya TMA huwa na mambo mengine: mvua zinatarajiwa kuanza lini, zitaisha lini, mtawanyiko wake utakuwaje, na kama kuna uwezekano wa vipindi virefu vya ukavu. Sentensi hizo ndizo zinazokupa habari ya mgawanyo, na mara nyingi husomwa mwishoni wakati watu wameshageukia mambo mengine.

Sokoni: bei ya wastani ni ya nani?

Tuje kwenye mazao. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ufuta, korosho, mbaazi na mazao mengine hukusanywa kupitia vyama vya msingi (AMCOS) na kuuzwa kwa mnada. Baada ya mnada, bei ya juu na bei ya chini hutangazwa, na habari husambaa kwenye simu. Kisha wapo wanaopiga hesabu ya haraka ya “bei ya wastani”. Hapo ndipo pa kuwa macho.

Tuseme, kwa mfano, mnada wa ufuta umeuza mizigo mitatu:

Mzigo wa kwanza, tani 20, kwa shilingi 3,400 kwa kilo.
Mzigo wa pili, tani 30, kwa shilingi 3,300 kwa kilo.
Mzigo wa tatu, tani 450, kwa shilingi 3,000 kwa kilo.

Ukijumlisha bei tatu na kugawanya kwa 3, unapata takribani 3,233. Hesabu hiyo imeuchukulia mzigo wa tani 20 kuwa sawa na ule wa tani 450. Haiko sahihi kwa kueleza fedha zilizoingia.

Hesabu inayojali uzito ni hii: zidisha kila bei kwa tani zake, jumlisha, kisha gawanya kwa jumla ya tani. 3,400 mara 20 ni 68,000. 3,300 mara 30 ni 99,000. 3,000 mara 450 ni 1,350,000. Jumla ni 1,517,000. Gawanya kwa tani 500, unapata 3,034.

Tofauti kati ya 3,233 na 3,034 ni shilingi 199 kwa kilo. Kwa mwenye kilo 600, hiyo ni shilingi 119,400. Huyo ndiye anayefika ofisi ya chama akiwa na matumaini ya shilingi 1,939,800, kumbe hata wastani sahihi unampa 1,820,400. Halafu ugomvi unaanza, kila mtu akimwona mwenzake mwizi, wakati mwingine kwa sababu tu watu wawili wamepiga wastani kwa njia mbili.

Si kila ugomvi ni wa hesabu. Upo wizi wa kweli, na mizani zinazodanganya zipo. Lakini ukitaka kumbana kiongozi wa chama, utambana vizuri zaidi ukiwa na maswali sahihi: mzigo wangu uliuzwa kwenye mnada upi? Kutoka ghala lipi? Kwa bei gani? Makato ni yapi, na kila moja ni shilingi ngapi kwa kilo? Hata wastani sahihi wa 3,034 si bei yako. Kama ufuta wako ulikuwa kwenye zile tani 450, bei yake ni 3,000 kabla ya makato.

Bei inayotajwa na wengi

Kwenye soko la kawaida kuna kipimo cha tatu ambacho watu hukitumia bila kujua jina lake. Kinaitwa modi: namba inayojitokeza mara nyingi zaidi.

Tuseme umewauliza wanunuzi wanane wa mahindi gulioni, bei ya debe. Watano wamesema 14,000, wawili 15,000, na mmoja, anayetafuta mahindi ya mbegu yaliyochambuliwa, 20,000. Jumla ni 120,000. Gawanya kwa 8, wastani ni 15,000. Lakini watano kati ya wanane wanatoa 14,000. Namba ya katikati nayo ni 14,000. Anayebeba magunia yake kwa bodaboda akitegemea 15,000 atazunguka guliani mchana kutwa.

Hapa modi ndiyo inayokupa picha ya kweli ya soko. Wastani umepandishwa na mnunuzi mmoja ambaye huenda mahindi yako hata hayataki.

Pima mwenyewe, andika mwenyewe

Hesabu hizi zina nguvu zaidi zikifanywa kwa namba za shamba lako. Kituo cha kupima mvua kinaweza kuwa kilomita nyingi kutoka kwako, na kila mkulima anajua mvua inaweza kunyesha ng’ambo ya mto ikaacha upande huu mkavu.

Unaweza kupima mvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka, yaani mdomo na kitako vina upana mmoja. Liweke mahali pa wazi, mbali na miti na paa, na ulizuie lisiangushwe na kuku au mbuzi. Kila asubuhi saa ileile, ingiza rula ya mwanafunzi, soma milimita za maji, andika kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha mwaga. Kama kopo limepanuka juu au limebonyea, kipimo hakitakuwa sahihi.

Andika vilevile tarehe ya kupanda, aina ya mbegu, na magunia uliyovuna. Baada ya misimu mitano una orodha ambayo hakuna ofisi iliyo nayo. Watoto walioko shule wanaweza kuifanya kazi hii vizuri.

Unapojumlisha kwa simu, kuna jambo dogo la kuzingatia. Kwenye simu janja nyingi, ukiandika 420 + 510 + 480 kisha ukaweka alama ya kugawanya na 3 palepale, simu itagawanya ile 480 peke yake. Jumlisha kwanza, bonyeza alama ya sawasawa (=), ndipo ugawanye.

Maswali matano ya kuuliza ukisikia “wastani”

Iwe ni redioni, kwenye mkutano wa kijiji au kwenye ujumbe wa simu, uliza:

1. Ni wastani wa nini, wapi, na wa miaka au watu wangapi? Wastani wa misimu mitatu si sawa na wa misimu thelathini.

2. Ndogo kabisa ilikuwa ngapi, na kubwa kabisa ngapi?

3. Namba ya katikati ni ipi? Iko karibu na wastani au mbali?

4. Ni mara ngapi ilishuka chini ya kile ninachohitaji mimi?

5. Kama ni bei, je, hesabu imejali wingi wa mzigo, na ni kabla au baada ya makato?

Si lazima kila swali lipate jibu papo hapo. Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kupata rekodi za mvua za eneo lako na kukueleza mbegu ipi inahitaji maji kiasi gani. Taarifa za minada unaweza kuziomba kwenye chama chako cha msingi; ni haki ya mwanachama kuziona.

Maswali haya yanatuhusu hata sisi wa redioni. Tukitangaza bei ya wastani bila kutaja ya juu, ya chini na kiasi kilichouzwa, tumekupa namba moja tu kati ya zile unazozihitaji. Mkituuliza “wastani wa tani ngapi?”, mtakuwa mmetusaidia kazi, na tutalipeleka swali hilo kwa wahusika kabla ya taarifa inayofuata.